Mama Grisi

Kampuni ilianzia kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya magari, ikiwa na hadubini moja ya mtumba, sinki moja na machekeche matatu. Wenyewe walikuwa watatu vilevile. Mjiolojia, mwanamke aliyekuwa na miaka thelathini na nane wakati huo, alisoma mawe. Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alitafuta wateja na kuandika ripoti. Wa tatu aliitwa Chekeche, kwa kuwa ndiye aliyeosha na kuchekecha. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Kampuni ya mafuta ikichimba kisima, tope linalopanda kutoka chini huleta chenga za mwamba, ndogo kama punje za mchele. Kila baada ya mita tano fungu hukingwa, huoshwa, hukaushwa na kugawanywa: nusu ya mteja, nusu ya ghala. Mjiolojia huzitazama chini ya hadubini, kisha chini ya taa ya urujuani, maana mafuta yakipigwa na taa hiyo hung'aa manjano. Tatizo ni kwamba grisi nayo hung'aa. Mabomba ya kuchimbia hupakwa grisi kwenye maungio, nayo hubanduka, hupanda pamoja na tope na kuzipaka chenga. Mgeni wa kazi akiona mng'ao hurukaruka kwa furaha. Mjiolojia wetu aliikamata chenga kwa kibano, akaivunja, akatazama ndani. Ndani kukiwa kunang'aa, ni mafuta. Ndani kukiwa giza, aliandika neno moja pembeni: *grisi*.

Aliliandika mara nyingi mno, hata wachimbaji wakampa jina. "Mama Grisi anakuja," walisema mtamboni, "ficheni vicheko vyenu." Hakukasirika. Jina lilikuwa sahihi.

Walikuwa na desturi moja ambayo wenyewe waliiita kuimba. Ripoti haikutiwa sahihi kabla ya mtu mmoja kuisoma kwa sauti, neno kwa neno, huku mwingine akifuata kwa kidole kwenye karatasi ya awali, ile iliyoandikwa kwa penseli mbele ya hadubini. "Tumeimba?" aliuliza mjiolojia akiwa na kalamu mkononi. "Tumeimba," alijibiwa, ndipo akaweka sahihi.

Kampuni ilikua kwa kisima kimoja. Wafanyakazi walikiita Kisima Mama, kwa sababu vingine vyote vilizaliwa nacho. Ripoti yake ilisema kulikuwa na dalili za mafuta kuanzia mita 2,140 hadi 2,155. Mteja akachukua eneo la jirani, akawapa kazi ya miaka mitano mfululizo. Wateja wengine wakafuata. Kutoka chumba kimoja wakahamia nyumba nzima, kutoka nyumba wakahamia jengo la ghorofa tatu lenye vioo. Wafanyakazi wakafika sitini na wawili. Mdogo wake mjiolojia akawa mkuu wa wafanyakazi, Chekeche akawa mkuu wa ghala mwenye ufunguo na meza. Mjiolojia mwenyewe akawa mtu wa vikao, akafundisha vijana kuvunja chenga.

Mwaka wa sita mteja alichimba visima vitatu katika eneo lile la jirani. Vyote vikatoka vikavu. Akaandika barua ya adabu: wawakilishi wake wawili wangefika Alhamisi kuuliza kilichotokea.

Jumatatu shemeji aliingia ofisini kwa mjiolojia na karatasi moja, akaketi bila kukaribishwa, kama kawaida yake.

"Shemeji, hii ni ya kumaliza maneno. Soma, weka sahihi, mimi naweka chini yako, tunaendelea na maisha."

Ilikuwa na mistari minne. Mstari wa tatu ulisema: *Kulitokea kosa la kusoma katika mita 2,140.*

"Nani alisoma vibaya?" aliuliza.

"Wewe ndiye msomaji, shemeji. Lakini nani atakulaumu? Kosa moja katika miaka yote hii! Wataona ubinadamu, watakunywa chai, wataondoka. Tukibishana nao, watu sitini na wawili wanabaki mikono mitupu. Na dada yako mdogo mmoja wao."

"Sikumbuki kukosea pale."

"Basi unakumbuka nini?"

Swali lilikuwa la haki. Hakukumbuka chochote, alikuwa amesoma maelfu ya mafungu. Aliiacha karatasi mezani, akashuka ghalani.

Karatasi ya awali ilikuwa mahali pake, ndani ya faili ya Kisima Mama. Kwenye mstari wa mita 2,140 kulikuwa na mwandiko wake: *mchanga mwembamba, mng'ao wa manjano*. Baada ya hapo palikuwa peupe, peupe kuliko sehemu nyingine yote ya karatasi. Siku zote aliandika kwa penseli ngumu na mkono mzito. Mdogo wake alikuwa akimtania kwamba anachonga, haandiki. Aliwasha tochi, akailaza karibu na karatasi ili mwanga upite kwa ubavu, kama anavyotazama uso wa jiwe. Mifereji ikajitokeza, herufi tano. Kwenye mistari mitatu iliyofuata, hivyo hivyo.

Alisoma mara tatu, kisha akamwita Chekeche.

"Siku ya kuimba ripoti hii nilikuwa nimelazwa na homa. Shemeji alinambia ameimba na wewe."

"Ndiyo, Mama. Yeye alisoma, mimi nilifuata."

"Ukafika hapa kidole chako kikaona nini?"

Chekeche alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena ikiwa chafu vilevile. "Nikaona pamefutwa."

"Ukanyamaza."

"Mama, neno ni lako, penseli yako. Nilijua hakuna anayefuta kazi yako bila wewe. Nikasema wakubwa wamekubaliana." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Na maji yalikuwa yametufika shingoni, unakumbuka. Mwenye chumba alikuwa anataka kututoa. Nikasema, hata Mama Grisi ana moyo."

Mjiolojia alipanda ghorofa ya pili. Mdogo wake alikuwa anapanga ratiba za likizo. Alipoiona karatasi na tochi hakuuliza ni vya nini, na hilo peke yake lilikuwa jibu.

"Dada, tafadhali usinitazame hivyo. Mimi nilidhani unajua. Kila mtu alidhani unajua. Aliniambia mmekaa mkaamua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Mjiolojia aliizima tochi. Kwamba shemeji amefuta maneno manne, hilo lilikuwa tukio, lenye mahali na sababu. Angeweza kuliandika na kulifungia faili. Lililomshinda ni hili la pili. Kwa miaka sita watu hawa wawili walimwamkia asubuhi, wakala naye mchana, wakamsikia akiwafokea vijana kwa kuruka chenga moja, na muda wote huo wakimjua kuwa mwongo. Na walikuwa wamempenda zaidi kwa sababu hiyo.

Alirudi ofisini kwake, akampigia simu mteja. Aliomba jambo moja: wawakilishi waje na ile nusu yao ya chenga.

Alhamisi saa tatu asubuhi wageni waliketi katika chumba cha mikutano, mwanamke mzee kidogo mwenye daftari na mwanamume kijana mwenye mkoba. Shemeji aliwachekesha kwa kisa cha mchimbaji aliyepotea ndani ya mtambo wake mwenyewe. Kicheko kilikatika mgeni kijana alipofungua mkoba na kutoa mfuko mdogo wa nguo, umeandikwa 2,140, fundo lake halijawahi kufunguliwa.

"Huo wa nini?" shemeji aliuliza.

"Niliuomba mimi," alisema mjiolojia. "Naomba mapazia."

Chekeche, aliyekuwa ameleta hadubini, aliyafunga. Taa ya urujuani ikawashwa, chenga zikawaka manjano kwenye sahani, na mgeni kijana akaguna kwa mshangao. Mjiolojia alichukua moja kwa kibano, akaivunja. Ndani kulikuwa giza. Akavunja ya pili, ya tatu, ya kumi. Aliendelea mpaka mgeni mwenye daftari aliposema mwenyewe, "Ni ya nje tu."

"Grisi ya mabomba. Niliandika hivyo." Aliweka karatasi ya awali mbele yao, akalaza tochi. "Baadaye pakafutwa. Sikushiriki kuimba ripoti ile. Niliambiwa imeimbwa, nikaweka sahihi kitandani. Hilo ni kosa langu, na ni kubwa."

"Aliyefuta ni nani?"

"Karatasi haisemi nani. Inasema neno lilikuwepo."

"Shemeji," alisema shemeji. Sauti yake ilikuwa ya jikoni, ya nyumbani. "Shemeji, tutoke kidogo tuzungumze."

"Hapa panatosha."

Mapazia yalifunguliwa. Mjiolojia alivuta ile karatasi ya mistari minne, akaisoma yote kwa sauti, neno kwa neno. Kwenye mstari wa tatu alikata neno *kusoma*, akaandika juu yake *kufuta*. Akaweka sahihi yake, kisha akaisogeza upande wa pili wa meza, nafasi ya sahihi ya shemeji ikiwa bado wazi.

Shemeji aliitazama kalamu. Alimtazama Chekeche, ambaye alikuwa anarudisha chenga mfukoni, moja moja, kwa kibano.

"Tumeimba?" mjiolojia aliuliza.

Chekeche alifunga fundo kwanza. "Mimi nimefuata," alisema. "Ndivyo ilivyoandikwa."