Upindo wa Buibui

Kazija alikuwa keshafika mbele ya duka la halua, pale Darajani, ndipo alipohisi wepesi. Tangu watoke nyumbani Ng'ambo, upindo wa buibui lake ulikuwa umekamatwa nyuma na ngumi ya mdogo wake, na kila hatua kamba ya buibui ilimkaba kichwani, akawa anakwenda kama ng'ombe wa gari. Alikuwa amemkaripia njia nzima asimvute. Sasa hakuna aliyemvuta. Aligeuka, na nyuma yake kulikuwa na mabuibui matupu.

Ramadhani ilikuwa inakata roho. Idd ingekuwa kesho au keshokutwa, ikitegemea mwezi, na wanawake wa mji mzima walikuwa wamemiminika sokoni, wenye kununua na wenye kutamani tu. Walipita wakisukumana, weusi kwa weusi, warefu na wafupi, na chini ya kila buibui palionekana miguu miwili iliyokuwa na haraka. Gauni la maua mekundu la Khamisa halikuwepo popote.

"Khamisa," aliita, lakini kwa kunong'ona. Hata yeye mwenyewe hakujisikia.

Ndivyo alivyofundishwa. Mwezi wa Shaabani alivunja ungo, na tangu siku ile kila kitu kilichokuwa chake kikaanza kuondolewa kimoja kimoja, bila ugomvi, kwa upole wa kutisha. Kwanza mchezo wa kibarazani, kisha kamba ya kuruka, kisha skuli. Badala yake alipewa saumu kamili na hili buibui, lililokatwa refu ili akue nalo. Leo ilikuwa siku yake ya kwanza kutoka nalo. Angetoka na mama yao, Bi Sichana, lakini Bi Sichana alikuwa hajatimiza arubaini ya uzazi, kitoto kichanga kifuani, na baba yao harudi kutoka bandarini kabla ya magharibi.

"Mwanangu, wewe sasa mtu mzima," mama alimwambia akimfunga kamba. "Uso wako funika, na sauti yako isisikike njiani. Na mtoto usimwachie. Siku hizi wanasema mumiani wapo mjini."

Habari za mumiani, watu wanaoiba watoto na kuwatoa damu, zilikuwa zimeenea kila mtaa mwaka ule. Hapana aliyewaona, na kila mtu alikuwa na jirani aliyewaona. Kazija, kwa ukubwa wake mpya, alijifanya haziamini. Hata hivyo alipokuwa akimvisha Khamisa viatu alimtisha nazo makusudi, ili mtoto asimsumbue njiani. "Usiseme na mtu," alimwambia. "Ukisema tu, wanakuchukua. Shika upindo wangu."

Mkono asingeweza kumpa. Mmoja ulishika buibui kidevuni lisifunuke, wa pili ulinyanyua marefu yake asijikwae. Khamisa naye, pamoja na miaka yake mitano, alikuwa amebeba kitabu.

Kitabu chenyewe ndicho kilichowatoa nyumbani. Mwalimu Fatma alimwazima Kazija kabla hajatolewa skuli, na alfajiri ya kesho mwalimu alikuwa anapanda meli kwenda Pemba kusomesha huko. Amana lazima irudi. Kilikuwa kitabu cha picha kutoka ng'ambo ya bahari, cha ndugu wawili wa kike, na kwa kuwa maneno yake hawakuyajua, Kazija aliyatunga mwenyewe. Ukurasa wa kwanza mkubwa amembeba mdogo mgongoni. Ukurasa wa mwisho mkubwa kavaa kofia, amesimama mlangoni mwa gari la moshi, na mdogo yuko chini anapunga mkono. Khamisa hakuipenda picha hiyo. Kila wakifika hapo alikifunga kitabu kwa viganja viwili na kusema turudie mwanzo. Alipoambiwa kinarudishwa alilia mchana kutwa, akakubali kukiacha kwa sharti akibebe yeye mwenyewe hadi mlangoni.

Sasa Kazija alirudi alikotoka, akisukumwa na kusukuma. Alimwona mtoto akimfuata mwanamke mnene, akamrukia bega. Alikuwa mtoto wa watu, akamwangalia kwa hofu. Ndipo alipokumbuka maji.

Ile hori ya nyuma ya soko, mkono wa bahari ulioingia mjini, wakati wa maji kupwa, ilikuwa tope na takataka tu. Lakini mwezi ulikuwa umefika mwisho, wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, na maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye mawe ya ukingo. Kazija alikimbia. Hakujua mara ya mwisho kukimbia ilikuwa lini. Buibui lilimnasa miguuni, akalikusanya lote kiunoni kama mtu anayevuka mto. Alipofika ukingoni aliona chekundu kinaelea katikati ya makumbi ya nazi.

Kile chekundu kikageuka taratibu, kikajaa upepo, kikawa tambara la kitenge bovu. Kikaenda zake.

"Khamisaaa!"

Sauti ile ilimtoka mwenyewe bila kuiruhusu. Mchukuzi mmoja alitua kikapu chake. Wanawake wakageuka. Kazija hakuwaona. Aliita tena na tena, koo lililofunga tangu alfajiri likikwaruzika, na akarudi sokoni akiita, uso wazi, kamba imemteremkia shingoni. Mtu mmoja nyuma yake alisema, "Binti wa nani huyu asiye na haya?" Kazija alisikia, na jambo ambalo asubuhi lingemuua kwa aibu likampita.

Muuza halua, mzee Mwarabu wa Kimanga aliyeitwa Sleiman, alimwita. "Mwanangu, we! Njoo hapa. Umepotelewa na nini?"

"Mdogo wangu, Mzee. Gauni la maua mekundu. Ana kitabu."

"Kitabu?" Mzee aliacha mizani. "Mbona nimemwona? Kapita hapa kamshika mwanamke buibui. Mwanamke kaingia Mkunazini, naye nyuma. Nikajua mamake."

"Alikuwa nani?"

Mzee Sleiman alinyoosha mikono. "Mwanangu, nitamjuaje? Alikuwa kajifunika."

Mkunazini, njia zinagawanyika kama vidole. Kazija aliishika ya kwanza, ikamtoa kwenye ukuta. Akaishika nyingine. Nyumba zilikuwa zimesimama pande zote mbili, ndefu, karibu zigusane juu, na jua lililokuwa bado sokoni huku lilikuwa limeshaondoka. Watu walipungua. Harufu ya sambusa na mchuzi wa tambi iliteremka madirishani. Kila mtu alikuwa anakwenda kwake kungoja mzinga wa kufuturu. Ukishapigwa mzinga hapatabaki mtu njiani wa kumuuliza. Alijua hilo, na kila mlango uliofungwa nyuma ya mtu ulimpunguzia nafasi.

Akili yake ilianza kumletea mambo. Ilimwonesha chumba cha giza na ndoo. Ilimwonesha mama yao kitandani, amekaa sawa, akiuliza mwenzako yuko wapi. Na swali hilo Kazija aliliogopa kuliko mumiani wenyewe, kwa sababu jibu lake alikuwa nalo: nilimwambia asinivute.

Kwenye kona ya tatu au ya nne, kando ya mfereji, aliona kitabu. Kilikuwa kimelala kifudifudi, kurasa zimefunuka kwenye maji machafu.

Alikiokota, akakipangusa kwenye buibui, akakipangusa tena, ingawa kilikuwa hakipangusiki. Khamisa asingekiachia kitabu hiki kwa hiari yake. Hilo ndilo lililomkaa Kazija kifuani, likawa halitoki. Aliangaza huku na huku. Milango minne ya mbao nzito, yote imefungwa. Akafungua kinywa aite, na sauti haikutoka; ilikuwa imekwisha kule sokoni. Kikamtoka kitu kama mluzi.

Mzinga ukalia.

Mtaa ulitikisika, kunguru wakaruka mapaani, kisha kimya kikaingia, kimya cha watu wenye tende mdomoni. Ni katika kimya hicho ndipo aliposikia mtoto analia. Kilio kilitoka nyuma ya mlango wa pili, cha kwikwi, cha mtu aliyelia muda mrefu na kuchoka.

Kazija alifunga kamba upya, akavuta buibui usoni. Hata baadaye hakuweza kueleza kwa nini alifanya hivyo. Ulikuwa mlango wa watu, labda mna wanaume, na mkono ulijitendea tu kama ulivyofundishwa. Akabisha kwa ngumi mbili.

"Hodi!"

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa makamo, mweupe, kanga mabegani na kokwa ya tende bado shavuni. Nyuma yake, ameng'ang'ania gauni la mwenye nyumba, alikuwa Khamisa.

Kazija alinyoosha mikono kwa furaha na kupiga hatua ndani. Khamisa akapiga yowe.

"Siye! Huyu siye!"

"Khamisa, ni mimi," Kazija alisema, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya kikongwe, imekwaruzika, na mtoto alizidi kujificha. Mwanamke alinyoosha mkono mlangoni kama komeo.

"Simama hapo hapo, bibi. Wewe nani?"

"Shikamoo, Bi. Dadake."

"Marahaba. Dadake, na mtoto anakukimbia?" Bi Bahiya, kwani ndilo jina lake, hakuwa mkali, alikuwa mwoga kama wao. "Mtoto huyu kanifuata kutoka sokoni. Nafungua mlango nageuka, nnamwona, kaniangalia usoni kapiga kelele kama kaona shetani. Hataki kusema jina, hataki kusema kwao. Sasa unakuja wewe, umefunika uso, sauti kama nini sijui, na yeye anakukataa. Na mji wenyewe huu unaujua unasemwa vipi. Ntakupaje mwana wa watu?"

Kazija alielewa. Kwa macho ya mlango ule, mumiani alikuwa yeye.

Hakufunua uso tu. Alifungua kamba, akalivua buibui lote, akaliacha lianguke kwenye kizingiti, akabaki na gauni lake la zamani la skuli lililokuwa limekwisha kumbana mabegani. Nywele zilikuwa zimemlowa. Alichuchumaa, urefu wake ukawa sawa na wa mdogo wake, na hakuthubutu kusogea.

Khamisa alimtazama kwa muda mrefu. Alitoka nyuma ya gauni kidogo kidogo, akaja, akamshika pua, akamshika mashavu, akamkagua kama mtu anayechagua embe. Kisha akampiga kofi la kifua kwa nguvu zake zote.

"Ulikwenda wapi?" alisema. "Nilikuwa nimekushika. Nimekushika tu, halafu ukageuka ukawa mtu mwengine!"

"Sikwenda popote. Nilikuwa mbele yako."

"Hukuwepo," alisema Khamisa.

Kazija alimkumbatia, akalia pale pale kizingitini mwa watu, na Bi Bahiya akaenda ndani kuleta maji na tende, maana binti alikuwa bado hajafungua saumu yake.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa nyuma ya msikiti, karibu tu. Mwalimu Fatma alikipokea kitabu kikiwa na tope, akamtazama Kazija macho yaliyovimba. Alisema ukurasa ukikauka hauna neno. Khamisa, aliyekililia kitabu mchana kutwa, hakugeuka kukitazama.

Walirudi taa zikiwashwa. Kazija alikuwa amevaa tena buibui, maana angerudi vipi kwao bila yake, lakini mara hii alilifunga kwa kamba kidevuni na marefu yake akayaacha yaburure vumbi. Mikono ikawa huru, na katika mmoja mlikuwa na mkono wa Khamisa. Walikuwa hawajafika mwisho wa uchochoro Khamisa alipouvuta ule mkono na kusimama.

"Sema," alisema.

"Niseme nini?"

"Sema tu."

"Ni mimi."

Wakaenda. Kwenye kona, "Sema." Darajani, mbele ya wanaume waliokaa na vikombe vya kahawa, "Sema." Kazija alijibu kila mara, kwa sauti iliyokwaruzika, mwanzo chini chini, kisha ya kusikika, na vichwa vikageuka. Ni mimi. Ni mimi, mdogo wangu. Twende.

Bi Sichana alikuwa amesimama ukumbini na kichanga begani, rangi imemtoka. Alipowaona alikaa chini bila kutafuta kiti. Aliuliza mbona wamechelewa hivi, na Kazija alisema soko lilijaa, na mama, aliyetaka sana kuamini, akaamini. Akamwambia avue buibui akale.

Kazija alilivua, akalitundika msumarini. Taa ya chemli ilikuwa karibu, mwanga umempiga uso wote, hapana kilichofichika. Alipogeuka alimkuta Khamisa amesimama mbali kidogo, karibu na mama, anamtazama.

"Sema," alisema Khamisa.