Tohe Aliyelala Kifudifudi

Protas ndiye aliyeniponza na mdomo wake. Mimi nilikuwa nasimama kila asubuhi kwenye geti la ghala kule Mobeni, mtaa wa viwanda, nikingoja kuitwa kibarua cha siku. Yeye, Mtanzania mwenye kazi ya kudumu ya kuendesha foklifti, akamwambia tajiri wa ghala kwamba mimi ni mtoto wa mwindaji wa Masisi, nasoma nyayo kama gazeti. Tajiri akasema msimu wa kuwinda unafungwa Jumapili. Nikimpatia mnyama, Jumatatu naajiriwa moja kwa moja.

Basi mwisho wa Agosti 1998 tukawa juu kwenye milima ya Drakensberg, baridi inauma masikio, nyasi zimekauka. Asubuhi yote tuliangalia pofu kwa darubini, swala wakubwa kama ng'ombe, wapole, lakini kibali cha tajiri kilikuwa cha tohe mmoja tu, swala mdogo wa nyasini. Saa tisa alasiri akatokea, dume, chini ya mwamba. Tajiri akapiga.

Nami nikajikuta kifudifudi, uso umo kwenye nyasi. Tangu vita ya mwaka wa tisini na sita iliyotukimbiza kwetu Masisi, mlio wa risasi hauniombi ruhusa. Nilipoinua kichwa tohe hayupo, na mimi msoma nyayo sikujua amekimbilia wapi. Aibu ilinishika hadi shingoni.

"Eish, Pacifique, umelala?" Protas akaninong'oneza. "Tajiri anauliza mnyama kaenda wapi. Hapa mnyama akijeruhiwa haachwi. Usipompata hakuna kazi, na mimi ndiye niliyekusifu."

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Damu iko hapa."

Tuliifuata damu hiyo saa nzima. Matone yalikuwa juu ya majani marefu, upande mmoja tu. Baba alinifundisha kwamba damu ya juu namna hiyo ni ya sikio, na jeraha la sikio haliui. Yule tohe angepona. Sikumwambia mtu. Jua lilikuwa linaelekea nyuma ya mlima, na tajiri alitazama saa yake kila baada ya hatua chache.

Ndipo nikamwona. Alikuwa hatua sita mbele yangu, kalala kifudifudi ndani ya nyasi, shingo kainyoosha chini, sikio limechanika. Tohe hujificha hivyo, akingoja upite. Alikuwa ananitazama.

Nami niliwahi kulala hivyo, katika msitu wa Walikale, mke wangu Immaculée ubavuni, nimemziba mdomo kwa mkono. Askari mmoja alisimama, akatuangalia machoni. Kisha akawaambia wenzake, "Hapa hakuna mtu," wakapita. Jina lake hatulijui, lakini hatujawahi kula bila kumwombea.

"Yupo?" Protas akauliza nyuma yangu.

Niliogopa kuliko siku ile ya msituni, maana siku ile sikuwa na la kuchagua. Nikafikiria lile geti la Mobeni. Nikamfikiria Immaculée na mimba yake ya miezi saba. Nikanyoosha kidole.

Tajiri alipopiga mara ya pili, sikulala chini.

Jumatatu niliajiriwa. Tajiri alikuwa amenikatia shingo ya yule tohe, na jioni Immaculée akaipika kwa nyanya, akaitenga mezani, akafumba macho akingoja nimwombee yule askari.

"Leo omba wewe," nikamwambia.