Soli za Buti la Binti Yetu

Mume wangu ni fundi viatu, na mtaani wanamwita Gundi. Wateja hudhani ni kwa sababu ya kazi yake. Mimi niliyeolewa naye najua ni mdomo: ukifungwa, umefungwa. Siku binti yetu wa pekee alipotuambia amejiunga na jeshi, Gundi aliuliza ni nani sasa atakayerithi kibanda chake. Binti akasema hajui. Tangu hapo baba mtu hakumsemesha tena, hata asubuhi ile alipopita kibandani kuaga, begi begani, akienda kulinda amani nchi za watu. Gundi alijitia kutafuta misumari.

Jumapili binti akipiga simu, Gundi hutoka kufagia ua ambao nimekwisha kuufagia mimi. Nikimpa salamu za mtoto, huniuliza kama yule afande wangu amekosa wakubwa wa kusalimia huko aliko. Nami si mtu wa kubembeleza. Nilimwambia ukaidi wake utamtokea puani. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na hofu. Huko aliko kunalia risasi. Niliogopa mtoto asije akapatwa na jambo kabla hajaisikia tena sauti ya baba yake, na nilijua mzee wangu huyu asingeweza kulibeba hilo.

Kazi ya kutuma vifurushi ilikuwa yangu. Posta wana utaratibu wao kwa vitu vya wanajeshi: sanduku unalipeleka likiwa wazi, unasimama dirishani na kutaja kila kitu kwa mdomo wako huku karani akikitoa, na usichokitaja hakisafiri. Mama mzima unatangaza chupi za mwanao mbele ya foleni. Siku hiyo nikataja sabuni, soksi, karanga, dawa ya kuchua, blanketi jepesi. Nikadhani nimemaliza. Karani, dada mmoja asiyecheka ovyo, akaingiza mkono chini kabisa, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Na hiki, mama?"

Nilitaka kumwambia si changu. Akafungua. Zilikuwa soli za kuweka ndani ya buti, jozi moja, ngozi laini juu, sponji chini, zimeshonwa ukingoni kwa mshono mdogomdogo ambao mtaani kwetu anaushona mtu mmoja tu. Nikakumbuka Jumapili iliyopita, nilivyorudia kwa sauti malalamiko ya mtoto kwamba buti za jeshi zinamtoa malengelenge kisiginoni. Kumbe mfagiaji alikuwa ametega sikio.

"Ni soli," nikasema. "Za baba yake."

Machozi yakanitoka pale pale dirishani. Karani aliziweka juu ya soksi, akazilaza vizuri zisikunjike.

Nyumbani sikutia neno. Ningesema ningeharibu, angekana, angeapa, kisha angenuna hata chakula kisilike kwa raha.

Kifurushi kilipofika, binti alipiga simu nikiwa jikoni. Alikuwa akicheka na kulia. Alisema ameshinda nazo doria na hakusikia maumivu hata kidogo, zimemkaa kana kwamba baba alimpima jana. Akaniomba nimfikishie shukrani. Nikamwambia shukrani kwa mtu huyu zitaingia sikio hili zitokee la pili. Namjua mume wangu. Ukimsifia kazi, hujitia hamnazo. Ukimwambia kiatu kinabana, hali chakula. Aliwahi kumfuata mteja hadi msibani ili amvue kiatu akitazame kisigino.

"Sema zinabana," nikamnong'oneza.

"Mama, hazibani hata chembe."

"Najua. Hiyo ni amri, afande."

Nikaingia sebuleni. Gundi alikuwa ameshainuka kuelekea mlangoni, ufagio mkononi. Nikasema, kama mtu anayetaja habari za mvua, kwamba mtoto analalamika, kuna soli fulani zimefika huko na zinambana.

Akasimama. Nilimwona anavyopambana na nafsi yake. Kisha akaegemeza ufagio ukutani, akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa simu.

"Zinabana wapi?" akauliza.

Salamu hakuna, pole hakuna. Alitaka kujua kama ni kidole gumba au kisigino, mguu wa kulia au wa kushoto, na kamba za buti zimefungwaje. Nilimsikia mtoto upande wa pili akibabaika, mara kulia, mara kushoto. Askari mzima, hata kudanganya hajui. Gundi akaacha kuuliza.

"Mguu wako nilianza kuupima hujajua kutembea," akasema. "Soli zile haziwezi kukubana. Ulitaka tu kuongea na mimi."

Sikusikia alichojibiwa. Nilimwona tu mume wangu akikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama, ameishika simu kwa mikono miwili.

"Basi ongea, mwanangu," akasema. "Niko hapa. Nakusikia."