Kopo la Maziwa Chini ya Gari

Usiku wa jana niliota nimelala chini ya gari langu, naziba ekzosi iliyotoboka kwa kopo la maziwa ya unga na waya. Ndivyo nilivyoiziba kweli wiki mbili zilizopita, nikajisifu mtaa mzima. Tangu hapo gari halipigi kelele. Hata mama mkwe wangu Bi Siwema, anayeishi kwetu na ninayempeleka kliniki ya presha, ameacha kunikosoa njiani. Akikaa kiti cha nyuma analala mpaka tufike. Nikaona kopo lile lina baraka.

Kwenye ndoto kopo likanisemesha.

"Mimi nilizoea watoto," lilisema. "Huku sijui nafanya nini."

Kabla sijalijibu, Sheria akafika. Alikuwa mwanamama mfupi mwenye miwani na sare iliyopigwa pasi, akaingia chini ya gari bila kuchafuka. Nikamuuliza kama ni kosa mtu kujitengenezea ekzosi.

"Si kosa," alisema. "Gari lako, mikono yako. Ila moshi lazima utokee nyuma ya gari."

"Unatokea nyuma."

Akanusa. "Unatokea miguuni kwa abiria. Kwa hiyo gari lako linaishia hapo. Anayekaa kiti cha nyuma yuko nje."

Akanigonga muhuri kwenye paji la uso.

Hapo hapo tuko barabara ya Muheza. Mimi naendesha, Sheria yuko pembeni yangu anamenya chungwa. Natazama kioo. Bi Siwema anatembea kwenye lami nyuma yetu, pekupeku, na mkoba wake wa kliniki, ndani ya moshi. Macho yanamfumbika.

"Mama, usilale," naita.

"Silali, Baba Saumu. Napumzisha macho tu."

Ni maneno yale yale anayosema kila tukienda kliniki. Naogopa, naogopa kweli. Nakanyaga breki.

"Mimi sina tatizo," breki inasema. "Shughulika na ulichoharibu."

"Nisimamishie gari," namwomba Sheria. "Mama wa watu ataanguka."

"Mimi siendeshi," anasema, na kunipa kipande cha chungwa. "Kazi yangu kueleza."

Nafungua mlango, naruka. Gari linaendelea na Sheria wake, wala halijali. Bi Siwema ameshakaa chini katikati ya barabara, taratibu, kama yuko kwenye mkeka wake. Kwa adabu za kwetu mwanamume hamshiki mama mkwe wake hata bega, sembuse kumbeba. Nikambeba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na nilijisikia vibaya sana.

Akafumbua jicho moja. "Haya, aibu tumeshaipata. Sasa nipeleke kwenye hewa."

Nikaamka. Kumekucha, mke wangu anafagia uani. Nikatoka barazani nikamkuta Bi Siwema amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akatoa mguu mmoja majini, akaanza kubandua lami kisiginoni kwa ukucha.

"Kliniki leo napanda bajaji," alisema bila kunitazama. "Wewe utafuata nyuma kwa miguu."