Zamu ya Kitabu Kinene

Mtaa mzima ulimwita Baridi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza mafriji, na pia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akifoka wala akirukaruka kwa furaha. Mkewe alikuwa amefundisha jiografia mpaka akastaafu, na hata Baridi mwenyewe alimwita Mwalimu.

Kisha kiharusi kikamwangusha Mwalimu jikoni. Mkono wa kulia ukalegea, na sauti ikakatika kama redio iliyochomolewa kwenye umeme. Daktari akasema wazungumze naye kila siku, huenda anasikia. Lakini Baridi na maneno, wapi na wapi! Akishauliza "umeamkaje" na kulalamika kwamba gesi imepanda bei, alikuwa amemaliza akiba. Ndipo akaligeukia kabati la vitabu.

Mwalimu alipenda riwaya za maajabu: majoka, falme zilizo chini ya bahari, panga zinazoongea. Baridi hakuwahi kufungua hata moja. Kwake, mtu mzima kufuatilia habari za farasi wenye mabawa ni kujitafutia uchovu. Hata hivyo alianza kufunga karakana mapema, akaja kukaa kando ya kiti cha mkewe dirishani, akasoma. Alisoma kama mtu anayesoma maelekezo ya kufunga kompresa ya friji, sauti haipandi haishuki. Kurasa za milima na mawingu aliziruka. Alipochoshwa na riwaya ya mchawi aliyetawala mji wa vioo, alifunga kitabu zikiwa zimebaki sura tatu nzima, akatangaza, "Basi, mchawi akafa, wengine wakaishi raha mustarehe. Mwisho."

Kesho yake dada mkubwa wa Mwalimu alikuja kusaidia kazi za nyumba. Huyo hakuzaliwa na kunong'ona. Alikuwa akipiga pasi huku Baridi amesimama mbele ya kabati, akitafuta cha kusoma. Baridi akachomoa kitabu chembamba kuliko vyote.

"Shemeji, unachagua kitabu kwa unene? Kwani unanunua mbao?"

"Sasa nichague kwa kipimo gani? Vyote ni majoka matupu."

"Chagua anachokipenda mwenyewe. Kile kinene cha juu umekiona? Mgongo umebandikwa gundi mpaka umekuwa mgumu. Mtu hahangaiki na gundi kwa kitabu asichokitaka."

"Kile tutakimaliza tukiwa makaburini. Niache na chembamba changu. Yule mchawi mwenyewe kanitoa jasho, afadhali alivyokufa."

"Hajafa."

Baridi alidhani ni shemeji yake aliyesema. Shemeji alidhani ni Baridi anafanya mzaha. Wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake acheke. Hakuna aliyecheka.

"Ha-ja-fa."

Sauti ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, na ilitoka dirishani.

Kitabu kilimponyoka Baridi mkononi. Katika maneno yote ambayo mume angeweza kumwambia mkewe baada ya miezi minne ya kimya, likamtoka swali hili:

"Nani hajafa?"

"Mchawi," akajibu Mwalimu. Alikuwa amekunja uso vilevile alivyowakunjia wanafunzi waliokuja darasani bila kufanya kazi ya nyumbani.

Shemeji alipiga ukelele uliowatoa majirani nje, kisha naye akatoka mbio kuwahadithia, na pasi akaiacha juu ya foronya. Moshi ulipoanza kupanda Baridi aliiinua, akabaki ameishika hewani kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake. Hatimaye akaikumbuka meza, akaisimamisha hapo. Akaenda kupiga magoti mbele ya kiti.

"Sema tena, mke wangu. Sema lolote."

Midomo ya Mwalimu ilihangaika, ikavutika upande mmoja. Akainua mkono wa kushoto, akamwelekezea kidole kifuani.

"Mwongo."

Majirani walipoingia walimkuta Baridi amelaza uso mapajani mwa mkewe, analia na kucheka kwa pamoja. Wakasimama mlangoni wameduwaa. Hawakujua kama wampe pole au hongera.

Walipoondoka ndipo mshtuko wa pili ulipompata. Kumbe Mwalimu alikuwa anasikia! Baridi akahisi shingo inapata moto. Ni hapo dirishani alipokuwa akiigiza sauti ya shemeji yake kwa dhihaka. Na ni hapohapo alipowahi kusema kwamba anaogopa kuamka asubuhi moja akute kiti hicho kitupu.

"Ulisikia yote?"

Mwalimu akafumba jicho moja, akafumbua.

Daktari alifurahi, ila akaonya kwamba maneno yatarudi kwa kudonadona, wasimharakishe. Baridi akasoma zile sura tatu alizoziruka, na kweli mchawi hakufa. Kisha akampangia Mwalimu vitabu mapajani achague mwenyewe. Kile chembamba kilisukumwa mpaka sakafuni. Kinene kikapigwapigwa kwa kiganja.

Wakaanza safari. Humo kitabuni kulikuwa na mwana wa mfalme aliyenyang'anywa ufalme, anayesafiri juu ya tai, mcheshi, mwenye deni la wema kwa kila mtu. Baridi alimpenda bila kujua lini alianza kumpenda. Akampa sauti yake maalumu. Karakanani, kichwa kikiwa nyuma ya friji la mteja, alijikuta anawaza kama kijana atavuka salama bonde lililokuwa mbele yake.

Alasiri moja akafungua ukurasa, akasoma mistari michache kwa sauti. Akairudia kimoyomoyo. Akafunua ukurasa wa mbele, akarudi.

"Mwalimu. Mshale umempata."

"Ndiyo."

"Lakini hajafa. Si kama yule mchawi?"

"Kafa."

"Kafa kabisa?"

"Kabisa."

Baridi alikiweka kitabu chini, akakodoa macho ukutani. "Wewe ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nimzoee hivi!"

Mwalimu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akamshika goti. Alimwacha akae na msiba wake kidogo, kisha akakiokota kitabu kwa mkono wa kushoto, taratibu, akamrudishia.

"Soma," akasema. "Tai yuko hai."