Umri wa Luciana

"Mama, ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

Klementina alishika kizimba kwa mikono miwili. Baridi ya Juni ilikuwa imempasua midomo, na tangu atoke Izia kwa miguu alfajiri hakuwa ametia kitu tumboni. Wakili wa mshtakiwa, Teodori, alikuwa kijana wa kumzaa mwenyewe. Rejesta ya shule aliishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota leso ya mgonjwa.

"Siku ile nilidanganya. Leo nasema kweli."

"Hebu ieleze mahakama."

Akaeleza. Mwaka ule walikuwa wanahamia shamba la mbali, kule bondeni, miezi minne. Mtoto hakuwa na wa kuachiwa ila bibi yake, na bibi macho yalishakufa. Wakaona mchana awe shuleni, lakini mwalimu wa darasa la kwanza alitaka miaka saba. Luciana alikuwa na mitano. Klementina akataja saba, mtoto akapokelewa, na majirani nao walifanya vivyo hivyo. Kadi ya kliniki ililiwa na mchwa.

"Kwa hiyo mwaka jana, siku unayoilalamikia, binti alikuwa na miaka kumi na minane."

"Kumi na sita. Alizaliwa wiki tunavuna ulezi. Mimi ndiye niliyemzaa, baba."

"Tumbo halina muhuri, mama."

Karani akacheka. Hakimu naye akainamisha uso kwenye karatasi zake, mabega yakimtikisika kidogo.

Luciana alikwishasema yake. Kwamba alipeleka mahindi kwenye mashine ya Teodori, kwamba Teodori alifunga mlango akaiacha mashine inanguruma bila punje ndani. Hayo hakuna aliyeyarudia. Siku tatu za kesi zilikwisha kwenye umri.

Kwenye korido mwendesha mashtaka alikuwa anamenya karanga.

"Chini ya kumi na minane ni miaka thelathini jela, hakuna mjadala," alisema. "Akishakuwa mtu mzima, lazima tuthibitishe hakutaka."

"Alipiga kelele."

"Nani alisikia?"

"Na mashine inanguruma vile?"

"Basi ndiyo hivyo." Akapuliza maganda kiganjani, mengine yakamwangukia Klementina kwenye kitenge. "Mlete baba yake aseme umri. Neno la mzazi wa pili litatubeba."

Jioni ile Klementina alimkuta mumewe, Kasmir, amekaa uani na wazee wa upande wake, chungu cha pombe ya ulezi katikati. Teodori ni mtoto wa mama yake mkubwa Kasmir. Kwa Luciana ni baba mkubwa. Chini ya ukingo wa paa walikuwa wamefungwa maksai wawili wa Teodori, wanacheua kama wako kwao.

"Hao ng'ombe wamefuata nini?"

"Msimu unakuja," alisema Kasmir. "Au utalima kwa kucha?"

"Mahakamani wanakuhitaji. Useme mtoto kazaliwa lini."

"Nitakuja."

Akaja kweli, amevaa koti la kanisani. Ila aliitwa na wakili wa Teodori.

"Rejesta ndiyo sahihi," alisema Kasmir. "Mke wangu ana maneno mengi."

Hakumtazama mtu.

Hukumu ilisomwa kwa muda mfupi kuliko kupepeta ungo mmoja wa mahindi. Umri haukuthibitishwa. Mama amekiri kwa kinywa chake kwamba husema uongo akihitaji. Mshtakiwa aachiwe huru, na wazazi wajifunze kutunza kumbukumbu za watoto wao.

Luciana alikuwa kwenye benchi nje. Kabla mama yake hajapata la kumwambia, askari wa kike wa dawati la jinsia akawafikia na bahasha ya kaki.

"Kielelezo hiki hakina kazi tena. Saini hapa kwamba umepokea."

Ndani lilikuwa gauni la Luciana. Miezi kumi na minne halijafuliwa, limekunjwa hivyo hivyo lilivyovuliwa. Harufu ikamfikia Klementina kabla ya macho. Akasaini. Luciana akaichukua bahasha, akaikumbatia.

Teodori akatoka na watu wake, anapokea mikono ya pongezi. Alipofika kwao akasimama, tumbo mbele, ametulia kama anayesubiri haki yake.

"Msalimie baba yako mkubwa," Kasmir akamwambia binti yake. "Yamekwisha."

"Usisalimie," alisema Klementina, lakini sauti haikuvuka meno.

Luciana akaiweka bahasha chini kwenye saruji. Akachuchumaa. Viganja vikakutana taratibu, mara moja, mara ya pili, kwa heshima ile ile ya kusalimia wakubwa aliyofundishwa na mama yake kabla hata hajang'oka meno ya utoto.

"Ahsante, mwanangu," alisema Teodori. "Umekua siku hizi."