Mende Chini ya Pedali

"Toa mguu, Shangazi!"

"Siutoi! Gari langu, mguu wangu!"

"Unalinywesha petroli mpaka linapaliwa!"

"Fundi wa nani wewe? Ulikimbia shule katikati ya mtihani, leo unifundishe mimi?"

Hapo alinishika pabaya. Ni kweli, nilikimbia.

Yeye hakimbii. Saa nne alikuwa na mtihani wa udereva, wa tatu huo. Miwili alianguka palepale kwenye kuwasha. Akimwona mkaguzi na faili lake, mguu unapampu mafuta wenyewe, tap tap tap, injini inalowa, kwisha habari. Safari hii akianguka, kurudia ni mwaka kesho.

Na sasa saa tatu, gari limegoma uani, linanuka petroli mpaka kuku wamehama.

Nikafungua plagi. Zote nne chepechepe. Nikazifuta kwa kitambaa nilichokikuta kwenye kiti.

"Hicho kilemba changu!"

"Kilikuwa."

Nikazirudisha. "Sasa kanyaga mafuta mpaka chini, ushikilie. Ukipampu tu, tunaanza upya."

"Mguu hausikii, mwanangu. Ukiingia woga unacheza."

Shangazi haogopi mtu, lakini mende anampandisha mezani.

"Vua viatu, kanyaga," nikamwambia. Alipokanyaga nikaongeza: "Chini ya hiyo pedali kuna mende. Umemkanyaga. Ukiinua mguu, anapanda gaunini."

"Shetani mkubwa wewe!"

Lakini mguu uliganda. Akazungusha ufunguo. Starta ikalia, ikalia, injini ikakohoa moshi mweusi, halafu ikanguruma. Shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kilemba. Akabaki na masizi usoni, sikumwambia.

Tulifika uwanja wa mtihani dakika tano kabla ya saa nne. Mimi nikasimama kwenye uzio. Mkaguzi akaingia, akafungua faili.

"Zima. Washa tena, mama."

Shangazi akanitazama. Nikausikia mguu kwenye pedali: tap tap tap. Gari likakohoa, likanyamaza. Mkaguzi akachomoa kalamu. Nikafungua mdomo nimpigie kelele.

Shangazi akaniwahi, kichwa nje ya dirisha. "Wewe! Ondoka hapo! Ukinitazama ndiyo mguu unacheza. Mende nimeshamkanyaga!"

"Mende gani?" mkaguzi akauliza, akiinua miguu yake.

Starta ikaanza kulia, ndefu, bila tap hata moja. Nilitamani kuona. Nikatia mikono mfukoni, nikageuka, nikaenda zangu, na hata ngurumo iliponifikia mgongoni sikugeuza shingo.